Msimbo wa Mchana, Mzinga wa Jioni

Kosa la kwanza la mwandishi wa programu hufanyika kabla hajaandika hata mstari mmoja. Hufanyika dukani. Mtu amebana matumizi miezi minane, anapanda ngazi za jengo moja pale Luthuli Avenue, Nairobi, anavutiwa na laptopu nyembamba yenye kioo kinachong'aa, analipa na kuondoka akitabasamu. Jioni ndipo anapogundua kwamba RAM ni GB 4 na imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki. Akifungua Android Studio na kivinjari kwa pamoja, mashine inaganda kama ugali uliolala.

Sisi tuliokwisha kuungua hapo tunashauri hivi: laptopu ya ofisini iliyotumika, nene na isiyo na mvuto, yenye GB 16 na diski ya SSD, itakufaa kuliko mpya nyembamba ya bei ileile. Kabla ya kutoa pesa, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakuonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ikiwa imebaki chini ya nusu, bei nayo ishuke, maana utanunua betri nyingine muda si mrefu. Iache mashine ikiwaka dakika 20 usikilize feni. Bonyeza kila kitufe, hasa mabano na nukta-mkato. Muuzaji hupima kibodi kwa kuandika jina lake. Wewe utaishi kwenye mabano.

Adui wa pili ni bando. Unanunua bando la wiki Jumatatu, Jumanne asubuhi limekwisha, na hukutazama hata video moja. Windows imejisasisha usiku. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, uiambie kompyuta kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, itaacha masasisho mengi hadi uiruhusu. Kwa wanaoanza na JavaScript, fahamu pia kwamba folda ya node_modules, inayobeba vifurushi vya mradi, hata ukiwa mradi mdogo tu wa mazoezi, huweza kufika mamia ya megabaiti. Pakua vifurushi na miongozo ya lugha ukiwa chuoni au maktaba, ukifika nyumbani ufanye kazi bila mtandao.

Kuhusu lugha ya kuanzia, mabishano ni mengi kuliko faida. Chagua Python au JavaScript ukae nayo mwaka mzima. Anayepoteza miaka si yule aliyechagua lugha isiyo ya mtindo. Ni yule aliyeanza kozi sita na hakumaliza programu hata moja. Tengeneza kitu kimoja ambacho mtu mwingine atakitumia kweli, hata kama ni daftari la michango ya chama cha akina mama wa mtaa wenu. Mama mweka hazina atakufundisha mambo ambayo kozi haina: kwamba watu wawili wana jina moja, kwamba mchango wa Machi umelipwa nusu Aprili, kwamba kuna mwanachama aliyefariki na jina lake haliwezi kufutwa hivihivi.

Jifunze Git, programu inayotunza historia ya msimbo wako hatua kwa hatua, wiki ile ile ya kwanza, na jambo moja lishike sana: usiweke nenosiri wala funguo za huduma ndani ya msimbo. Ziweke kwenye faili ya .env, na jina la faili hiyo uliandike kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git haizigusi, kabla ya hatua ya kwanza kuhifadhiwa. Ukisahau ukazipandisha hadharani, kuifuta faili katika hatua inayofuata hakusaidii, maana historia inazo bado na kuna programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikitafuta funguo hizo. Dawa ni moja tu: ingia kwenye huduma husika, ua ufunguo wa zamani, toa mpya. Fanya hivyo kwanza, ndipo uanze kusafisha historia.

Kazi ya kwanza ya kulipwa

Mradi wa kwanza wenye pesa huwa wa mtu unayemjua: kanisa, saluni, shule ya chekechea ya shangazi. Undugu unafanya bei isitajwe, na bei isipotajwa ugomvi umekwisha kupangwa. Sema mapema, na kwa heshima: "Mjomba, nitakufanyia bei ya nyumbani, ila nusu inatangulia." Nusu ianze, robo ilipwe akishaona kurasa zikifanya kazi, robo ya mwisho kabla ya kukabidhi. Andika kwenye ukurasa mmoja kuna kurasa ngapi, nani analeta picha na maandishi, na marekebisho ni mara ngapi. Hilo la picha ndilo huchelewesha. Tovuti huisha kwa wiki mbili, halafu ikakaa miezi mitatu ikisubiri picha ya mkurugenzi.

Jina la tovuti, lile la .co.ke, liandikishwe kwa jina la mteja na kwa barua pepe ya mteja. Ukilisajili kwako kwa sababu "ni haraka", notisi ya kulipia upya itakuja kwenye barua pepe yako miaka miwili baadaye, wakati uko kazini kwingine na hata nenosiri umelisahau. Tovuti itazimika, na anayepigiwa simu saa moja asubuhi ni wewe.

Wengi hujifunza kodi siku hiyo hiyo wanapolipwa pungufu. Mteja ambaye ni kampuni anaweza kukata asilimia 5 ya ada ya kitaalamu na kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa niaba yako. Hakukuibia. Mdai cheti cha makato hayo, kwa sababu kitahitajika unapojaza ritani ya mwaka, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni.

Pesa zinapopita mikononi mwa programu yako

Hapa tukae kidogo. Nchini Kenya, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, imekuwa vigumu kujiita mwandishi wa programu za biashara bila kuunganisha malipo ya simu. Vijana wengi hupata heshima yao ya kwanza hapo, na usiku wao wa kwanza bila usingizi pia.

Mlango wa kuunganisha programu yako na M-Pesa, ambayo ni ya Safaricom, unaitwa Daraja. Unachotaka mara nyingi ni ombi la STK, lile linalofungua kisanduku cha PIN kwenye simu ya mteja. Kwanza unaomba tokeni, yaani kibali cha muda, ambayo huishi takriban saa moja. Ihifadhi uitumie tena, usiombe mpya kwa kila malipo. Kisha unatengeneza nenosiri kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo uliopewa na muda wa tarakimu 14, halafu vyote vitatu unavigeuza kuwa base64, namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu. Muda huo huo unatumwa tena peke yake kwenye ombi. Hitilafu inayosumbua watu siku nzima ni hii: msimbo unauliza saa mara mbili, mara moja kwa ajili ya nenosiri na mara nyingine kwa ajili ya ombi. Sekunde ikigeuka katikati, vitu viwili havilingani na ombi linakataliwa. Ukijaribu tena, linapita. Mtu anaulaumu mtandao, kumbe angeuliza saa mara moja tu na kuiweka kwenye kigezo kimoja.

Kiasi ni namba kamili, hakuna senti. Namba ya simu ni tarakimu 12 zinazoanza na 254, bila alama ya kujumlisha. Watu wataandika 07, wataandika +254, wataacha nafasi katikati, na siku hizi wapo wa 01 ambao msimbo wa zamani unawakataa kwa sababu mwandishi aliamini kila simu huanza na 7. Safisha namba hiyo mahali pamoja tu ndani ya programu. Rejea ya akaunti haizidi herufi 12, kwa hiyo kile kitambulisho kirefu cha oda ulichojivunia hakiingii. Na kama mteja wako anatumia Till (namba ya kulipia bidhaa dukani) badala ya Paybill (namba ya kulipia yenye akaunti), aina ya muamala inabadilika kuwa CustomerBuyGoodsOnline, namba ya Till inakaa kwenye sehemu ya ombi iitwayo PartyB, na kwenye ile ya BusinessShortCode inakaa namba ya duka kuu. Kuziweka zote mbili sawa ndiko hukwamisha wengi siku ya kutoka kwenye majaribio.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Ukituma ombi, jibu linarudi papo hapo na ResponseCode 0. Sifuri hiyo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa. Haimaanishi kwamba mtu amelipa. Duka linalotoa bidhaa kwa sifuri hiyo linatoa bidhaa bure, na wateja hugundua kabla ya mwenye duka.

Jibu la kweli huja baadaye kwenye anwani yako ya kolibeki, ambayo lazima iwe ya https na ifikike kutoka nje. Kompyuta yako ya nyumbani haifikiki, ndiyo maana wakati wa majaribio watu hutumia njia ya kupitishia kama ngrok. Humo ndani ResultCode 0 ndiyo pesa imeingia. 1032 ni mteja ameghairi. 1 ni salio halitoshi. 1037 ni simu haikupatikana au mtu hakujibu kwa wakati. Malipo yakishindikana, ile sehemu ya CallbackMetadata, yenye maelezo ya malipo, haiji kabisa, na msimbo ulioandikwa kwa mfano wa malipo yaliyofaulu utaanguka hapo hapo. Hata yakifaulu, kipengele cha Balance huja na jina bila thamani. Soma vipengele kwa jina, usivisome kwa nafasi yake kwenye orodha.

Mwone mteja aliye ndani ya matatu kutoka Kitengela. Amebonyeza Lipa, gari limeingia pasipo na mtandao, kiduara kinazunguka. Anabonyeza tena. Anabonyeza mara ya tatu. Mtandao unarudi na maombi matatu yanaondoka, kila moja na CheckoutRequestID yake, yaani namba ya kulitambua. Akiweka PIN kwenye visanduku viwili, amelipa mara mbili unga mmoja, na hakuna aliyekosea ila mwandishi wa programu. Oda inatakiwa iwe na hali: mpya, inasubiri, imelipwa, imeshindikana. Ikiwa inasubiri, kubonyeza tena kurudishe ombi lilelile lililopo. Kuzima kitufe kwenye ukurasa pekee hakutoshi, kwa sababu mtu atafungua ukurasa upya.

Kolibeki nayo yaweza kuja mara mbili, au isije. Ikija, jambo la kwanza lihifadhi lile andiko lote kama lilivyo kwenye jedwali la peke yake, jibu haraka kwamba umepokea, kisha ndiyo ulishughulikie. Namba ya risiti ya M-Pesa iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, ili hifadhidata yenyewe iikatae ya pili hata kama msimbo wako umelala. Isipokuja ndani ya dakika moja au mbili, uliza hali ya muamala kwa ile CheckoutRequestID. Na pesa zote zihifadhi kama namba kamili. Ukitumia namba za desimali za kawaida za kompyuta, 0.1 na 0.2 zikijumlishwa hazitoi 0.3 kamili, na mhasibu hana ucheshi kuhusu jambo hilo.

Anwani za malipo ya moja kwa moja ya Paybill zina mtego wa kijinga: usiweke neno mpesa wala safaricom ndani ya anwani hizo, hazisajiliki. Saa tatu za watu wengi zimepotelea hapo.

Saa mbili ni saa ngapi?

Mteja anakwambia, "Ripoti ya mauzo itoke saa mbili usiku." Mswahili amesema, Mswahili ameelewa. Halafu unaketi kwenye seva iliyoko Ulaya inayosoma muda wa UTC, saa ya kimataifa. Ukiandika 2, ripoti inatoka saa kumi na moja alfajiri. Ukikumbuka kwamba saa mbili usiku ni 20:00 ukaandika 20, inatoka saa tano usiku, kwa sababu sisi tuko saa tatu mbele. Jibu ni 17. Hifadhi kila tarehe kwa UTC na uigeuze kuwa Africa/Nairobi unapoionyesha tu. Swali la "mauzo ya leo" ndilo linaloumbua zaidi: siku ya UTC huanza saa tisa usiku kwetu, hivyo mauzo ya baa ya baada ya saa sita usiku yanahesabiwa jana, na baa hiyo inauza zaidi saa hizo.

Saa yetu haibadiliki mwaka mzima, ya wenzetu hubadilika. Ukiajiriwa na watu wa London, tofauti ni saa tatu wakati wa baridi na saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kikao chako cha saa saba mchana kitaruka hadi saa sita bila mtu kukuambia.

Kazi hizo za mbali zina sifa na zina mitego. Wengi wetu huingia kama mkandarasi, si mwajiriwa: hakuna likizo ya kulipwa, hakuna bima, kodi ni juu yako. Kabla ya kufurahia kiwango cha kwa mwezi, toa kodi, toa makato ya benki ya kupokea pesa kutoka nje, toa bima ya afya, toa intaneti ya pili ya akiba na betri ya kukuvusha umeme ukikatika, kisha zidisha linalobaki kwa miezi 12 uligawe kwa 13. Ule wa kumi na tatu ni wa likizo yako mwenyewe na siku za malaria. Kama baada ya hapo bado inazidi mshahara wa ofisi ya mjini, saini.

Kuhusu ajira ya ofisini sina mengi, ila moja: usipakie mabadiliko Ijumaa alasiri. Anayekwambia ni badiliko dogo hatakuwepo Jumamosi. Na kabla ya kugusa hifadhidata, jaribu kurejesha nakala rudufu kwenye seva nyingine, si kuitengeneza tu. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tetesi.

Mwili huanza kudai mwaka wa tatu au wa nne. Kiwiko kinauma, shingo imekaza, macho yanawasha. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho, maana yake laptopu iinuliwe juu ya vitabu na ununue kibodi ya nje, kitu cha bei rahisi kuliko vikao viwili vya tiba ya maungo. Ila shida kubwa si kiti. Ni kwamba kichwa hakizimiki. Mtu amelala lakini anapanga jedwali.

Kitu kisicho na skrini

Burudani za waandishi wa programu huwa ni kazi ileile iliyovaa kofia nyingine: mradi wa usiku, michezo ya kompyuta, mafunzo ya lugha mpya. Hata bao, lenye mashimo 32 na kete 64, halimponyi mwandishi. Hatacheza mechi kumi kabla hajaanza kuliandikia programu, na amerudi alikotoka. Kinachofaa ni kitu ambacho laptopu haiwezi kukifuata. Kuna wanaokimbia, kuna wanaofuga kuku. Mimi nawatetea nyuki, na ni kwa sababu nyuki humwadhibu mtu mwenye haraka siku ileile.

Anza na mzinga wa viunzi, ule ulioenea Kenya tangu miaka ya 1970. Ni sanduku refu lenye kuta zilizoinama kuelekea ndani, na juu yake zimepangwa mbao nyembamba, yaani viunzi, kama 26 hivi, zikigusana. Kila kiunzi kina upana wa milimita 32. Kipimo hicho si pambo. Ndiyo nafasi ambayo nyuki wetu wa bara huachiana kati ya katikati ya sega moja na katikati ya jingine. Fundi seremala akikukatia milimita 38 kwa sababu ndizo mbao alizo nazo, nyuki watajenga masega yakikatiza viunzi kwa mshazari, na hutaweza kuinua kimoja bila kuvunja vitatu. Nenda na rula kwa seremala. Ukimaliza, yeyusha nta upake mstari mwembamba katikati ya upande wa chini wa kila kiunzi: ndio mwongozo wa wapi waanzie, na harufu yake ndiyo chambo. Wengine hukisugua na mchaichai.

Mzinga uwe mbali na nyumba, njia ya watoto na mifugo, mita 300 hivi au zaidi, karibu na maji na maua, na kivuli cha adhuhuri. Uning'inize kwa waya kati ya nguzo mbili, usawa wa kiuno. Waya zipake grisi ili siafu wasipande. Kuning'inia nako kunamchosha nyegere, ambaye kwa mzinga uliokaa chini ni usiku mmoja tu. Halafu unasubiri. Kundi linaweza kuingia baada ya wiki, linaweza kuingia baada ya msimu mzima, kutegemea mvua na maua. Hapa hakuna cha kuharakisha.

Kosa la watu wa kompyuta ni moja, na wote hulifanya: wanafungua mzinga kila Jumamosi kuangalia maendeleo. Wengine hufunga vihisio vya joto na uzito kabla hata hawajaona malkia. Nyuki wetu wakisumbuliwa hawavumilii, wanahama. Unafika wiki ya nne unakuta sanduku kimya, masega meupe, na nondo wa nta wameanza kuingia. Hesabu ni rahisi: yai la nyuki kibarua huchukua siku 21 hivi kuwa nyuki kamili, la dume 24, la malkia 16. Baada ya kundi kuingia, waache wiki tatu au nne bila kugusa. Kagua kwa kutazama mlango tu: wakiingia na chavua ya njano au ya rangi ya chungwa miguuni, kuna watoto ndani wanaolishwa, na kazi inaendelea.

Siku ya kurina, nenda jioni jua likizama, wawili, kamwe usiende peke yako. Mavazi meupe yanayofunika, suruali na mabuti visivyoacha mwanya, wavu wa uso uliofungwa vizuri shingoni. Bomba la moshi lijazwe magunzi makavu au kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Plastiki na mafuta ya taa hapana, asali itanuka. Moshi uwe mweupe na wa baridi. Upulize kwenye kiganja chako kwanza, ukikuunguza utawaunguza wao. Puliza mara tatu nne mlangoni, subiri dakika mbili, ndipo uinue kiunzi cha mwisho kabisa, cha upande ulio mbali na mlango. Asali hukaa huko, watoto hukaa karibu na mlango.

Inua kiunzi wima. Sega jipya halina waya wala fremu, limening'inia kwa nta tu, na likijaa asali ni zito na laini kama keki ya moto. Ukilitazama kwa kulilaza ubavu, kama ulivyozoea kugeuza simu, linakatika na kuanguka ndani ya mzinga na asali inawamwagikia wote. Ukitaka kuona upande wa pili, geuka wewe, au zungusha kiunzi kikiwa wima. Chukua sega ambalo robo tatu ya vyumba vyake vimezibwa kwa nta nyeupe. Lililo wazi lina asali yenye maji mengi, ikizidi asilimia 20 itachacha ndani ya chupa. Ukifika kwenye sega lenye vifuniko vya kahawia, simama hapo, umefika kwa watoto. Masega kadhaa ya asali yaliyo jirani nao yaache, ni chakula chao cha kiangazi.

Utaumwa. Ukiumwa, kwangua mwiba papo hapo kwa ukucha au kisu, sekunde zinahesabika kwa sababu kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma. Utasikia harufu kama ya ndizi mbivu. Hiyo ndiyo kengele yao, inawaita wengine waje hapo hapo, kwa hiyo puliza moshi mahali ulipoumwa kabla ya jambo jingine. Na ujue mapema dalili za mzio: pumzi kubana, uso au ulimi kuvimba, kizunguzungu, upele mahali ambapo hukuumwa. Hiyo ni hospitali sasa hivi, na ndiyo sababu ya kwenda wawili na mmoja awe na ufunguo wa gari.

Glavu za kurinia ni nene, na skrini ya simu haizitambui. Ikilia mfukoni, inalia. Hakuna seva unayoweza kuiokoa ukiwa na sega mkononi.

Nyumbani, ponda masega, chuja kwa kitambaa safi ndani ya ndoo kavu yenye kifuniko, iache asali siku mbili povu lipande uliengue. Mabaki ya nta yaoshe, uyachemshe ndani ya maji kwa moto mdogo, usiyaweke kamwe kwenye sufuria kavu juu ya moto, nta hushika moto. Chuja tena, iache ipoe usiku. Asubuhi utakuta kisahani cha manjano kinaelea juu na uchafu umebaki chini yake. Kwangua uchafu huo kwa kisu. Kipande kimoja kiweke kando: viunzi vya mzinga wa pili vinakihitaji kabla ya mvua.